Nyimbo za porini za Australia, na sauti ya mama tuliyoipoteza

Maneno tuliyosema kwenye mkutano wa wanachama, Baraka

Tunashukuru kamati kwa kutupa nafasi kabla ya hesabu ya michango, maana baada ya hesabu hakuna anayebaki kusikiliza.

Mulituomba tuseme juu ya utamaduni. Sisi watu wa mashirika tukiombwa hivyo, kwa kawaida tunakuja na karatasi kubwa za ukutani na kalamu za rangi. Leo tumekuja na fimbo hii. Watoto wa hapa jirani walitusaidia kuitengeneza jana: mpini wa ufagio, misumari, na vizibo vya Primus tulivyookota nyuma ya baa. Kila msumari umebeba vizibo viwili au vitatu, na vimeachwa vilegee. Ukiipigisha chini inalia hivi. (Tukaipiga.) Ukiisugua na kijiti chenye meno inalia namna ingine. Munacheka, lakini chombo hiki kiko na jina, kiko na historia, na historia yenyewe inatoka upande ambapo wengi wenu muko na watoto na wajukuu.

Munakumbuka vile tulivyoachana kambini. Wengine tulipanda meli Kigoma tukashuka hapa Baraka na mabati na masufuria yetu. Watatu katika timu yetu tulikulia Lugufu, kwa hiyo hatusemi habari za kusikia. Wengine walipanda ndege, wakaenda Marekani, Kanada, Australia. Kule Australia kuna miji miwili, Albury na Wodonga, mto Murray unapita katikati yake, na ndani yake munaishi familia nyingi za Wakongo. Mwaka jana kijana mmoja wa huko alituma video kwenye kundi la simu la chama. Wazungu wazee wamekaa kwa mduara, mmoja anapiga akodeoni, mama mmoja anapiga fidla, na mzee mmoja mwenye ndevu anapigisha chini fimbo ya vizibo kama hii. Kijana akaandika chini yake: "Kumbe na hawa wanaokota vizibo!" Watu walicheka wiki nzima. Sisi tulicheka pia, kisha tukaanza kuuliza hao wazee ni nani na wanaimba nini.

Wanaimba nyimbo za porini. Mtu wa Australia akisema pori hamaanishi msitu tu. Anamaanisha nchi yote iliyo mbali na miji, mashamba ya kondoo na ng'ombe ambapo unaweza kutembea siku nzima bila kuona nyumba. Miaka ya 1800 watu waliofanya kazi huko walikuwa wengi wao maskini: wanyoaji wa kondoo, waswaga ng'ombe, wachimba dhahabu, wafungwa waliomaliza kifungo, watu waliotembea kwa miguu kutoka shamba hadi shamba wakitafuta kibarua. Walibeba blanketi na vitu vyao vichache katika furushi moja mgongoni. Furushi hilo walilipa jina la mwanamke, Matilda. Ule wimbo wao unaojulikana dunia nzima, "Waltzing Matilda", ni habari ya mtu wa furushi aliyeiba kondoo kwa njaa, askari wakamfuata, akajitupa majini kuliko kukamatwa. Wenyewe wanauimba kama vile ni wimbo wa taifa. Mtu aliyewahi kubeba vitu vyake vyote mgongoni anauelewa mara moja, hata bila kujua Kiingereza.

Sasa musikie wimbo huo ulivyozaliwa. Mwaka 1894 dada mmoja, Christina Macpherson, alisikia bendi ikipiga tuni ya Kiskoti kwenye mashindano ya farasi mjini Warrnambool. Mwaka uliofuata alikuwa shambani Dagworth, mbali sana huko Queensland, akawa anaipiga kwa kukumbuka tu. Mgeni mmoja, mshairi Banjo Paterson, akaisikia na akaitilia maneno. Na ule wimbo mwingine mkubwa wa wanyoaji, "Click Go the Shears", tuni yake ni ya Mmarekani Henry Clay Work, ya mwaka 1865. Tunasema hivi kwa sababu vijana wetu wanaona haya wakisikia kwamba wimbo wa kwaya ya kambini ulichukua tuni ya Waha au ya Warundi. Hakuna haya ndani yake. Watu waliohama wanaimba hivyo, tuni ya kule na maneno ya hapa, na baada ya miaka mia wimbo ni wa kwao.

Paterson huyohuyo alifanya kazi ingine ambayo inatuhusu zaidi. Aliona nyimbo za zamani zinapotea, akaomba watu wamtumie maneno yake, akayakusanya, na mwaka 1905 akatoa kitabu, The Old Bush Songs. Kazi nzuri sana. Lakini kitabu kilikuwa na maneno peke yake. Tuni hazikuwamo. Kwa hiyo Mwaustralia aliyezaliwa mjini alikuwa anaweza kusoma wimbo wa babu yake kutoka mwanzo mpaka mwisho na asijue hata namna ya kuufungua mdomo. Miaka ikaenda, ikaja gramafoni, ikaja redio, ikaja miziki ya Marekani, na kufika karibu mwaka 1950 wasomi wengi wa mjini walikuwa wanaamini kwamba nyimbo hizo zimekufa, zimebaki kwenye kitabu.

Hazikuwa zimekufa. Zilikuwa jikoni.

Kuna mtu anaitwa John Meredith. Alizaliwa mwaka 1920 Holbrook, mji mdogo ulio kilometa zaidi ya 60 tu kutoka Albury, pale ndugu zetu wanapoishi leo. Ndiyo maana tulisema historia hii iko karibu. Baba yake alikuwa mtu wa kazi za porini na alipiga akodeoni ya vibonyezo, na John mwenyewe aliipiga tangu utoto. Alipokuwa mtu mzima aliishi karibu na Sydney. Mwaka 1952 yeye na marafiki wawili, Jack Barrie na Brian Loughlin, waliunda bendi iliyokuja kujulikana kama Bushwhackers. Akodeoni ilikuwa ya Meredith. Barrie alipiga besi iliyotengenezwa kwa sanduku la chai, fimbo moja na kamba moja. Loughlin alipiga fimbo ya vizibo, na habari ya fimbo hiyo ilitoka Holbrook kwa akina Meredith. Wanaiita lagafoni. Kwa hiyo watoto wetu jana walitengeneza lagafoni. Waambieni, watafurahi.

Bendi hiyo ingepita kama bendi zote. Lakini mwaka 1953 kulikuwa mchezo wa jukwaani, Reedy River, uliotungwa na Dick Diamond. Ulichezwa Melbourne, kisha Sydney, na Sydney Bushwhackers walikuwa ndani yake. Ulieleza maisha ya wanyoaji baada ya mgomo wa mwaka 1891, ule mgomo mkubwa wa Queensland ambapo serikali ilileta askari na viongozi wa wanyoaji wakafungwa miaka 3. Na ndani ya mchezo walipanga zile nyimbo za zamani. Watu wa mjini walikuja kutazama mchezo, wakatoka wakiimba. Wakarudi tena, si kwa mchezo bali kwa nyimbo. Wengi walitaka kuingia katika bendi, na bendi haiwezi kuwa na watu hamsini. Basi mwaka 1954 wakaanzisha kilabu Sydney, Bush Music Club, ambapo mtu yeyote anakuja na chombo chake, au bila chombo, na anafundishwa. Kilabu hicho kilianza kutoa gazeti dogo mwaka 1956, Singabout, lenye maneno na tuni pamoja, na jina la mtu aliyeuimba wimbo. Hawakurudia kosa la 1905.

Lakini tuni hizo walizipata wapi? Hapa ndipo tunapopenda kukaa kidogo, mutusamehe.

Meredith alinunua mashine ya kurekodi kanda. Ilikuwa nzito, si kama simu hizi zetu. Akaibeba nyumba kwa nyumba, mji kwa mji, akiuliza wazee kama wanajua nyimbo za zamani. Kule Lithgow, mji wa makaa ya mawe, akamkuta mama mmoja, Sally Sloane. Alikuwa na umri wa karibu miaka 60. Alipiga fidla, akodeoni, kinanda cha mdomo. Nyimbo alizipata kwa mama yake, na mama yake alizipata kwa bibi aliyekuja kutoka Ireland. Meredith alirudi kwake mara nyingi, akarekodi kwake nyimbo na tuni zaidi ya mia moja. Mia moja kwa mama mmoja! Na wakati wasomi walipokuwa wanaandika kwamba nyimbo zimekwisha, mama huyu alikuwa anaosha vyombo akiziimba. Watu wa kumuuliza ndio waliokosa.

Alikuwepo pia mzee Duke Tritton, aliyezaliwa mwaka 1886, ambaye ujana wake wote alinyoa kondoo na kuimba. Huyu kilabu kilimpata uzeeni, na akawa anasimama mbele ya vijana wa mjini akiwaimbia na kuwaeleza: hapa katika wimbo tunaposema hivi, maana yake ni kazi hii, mkasi ulishikwa hivi. Kwa mzee kama huyo wimbo hauachani na kazi. Mkimkata kazi, anasahau mstari. Mama zetu munalijua hili vizuri. Ukimwambia mama akae kwenye kiti cha plastiki aimbe wimbo wa kutwanga, anaimba mistari miwili anasema umekwisha. Mpe kinu na mchi, utaona kama umekwisha.

Hili la kinu tulijifunza wenyewe, na pamoja nalo tulifanya kosa ambalo hatujawahi kulisema mbele yenu. Leo tunalisema.

Miaka michache iliyopita, katika proje ya lishe, tulikuwa tunazunguka vijiji vya barabara ya kwenda Uvira. Kuna mama mmoja mzee, aliyerudi na meli za kwanza, ambaye wengi wenu mulimjua. Jina lake tunaliacha kwa heshima ya familia. Tulimkuta anatwanga. Aliimba kwa Kibembe kutoka asubuhi hadi jua la saa sita, nyimbo za kutwanga, za kuvuna, moja ya kumlaza mtoto, na moja aliyosema alifundishwa na shangazi yake wakati wa kukimbia, usiku, ziwani, kwa sauti ya chini ili watoto wasilie. Tulirekodi zote. Alipomaliza akasema: "Wanangu, mutaniletea sauti yangu nisikie?" Tukasema ndiyo, mama. Tukasema wiki ijayo.

Ile kadi ya simu ilikwenda na ripoti. Kutoka buro moja ikaenda buro ingine, picha zikatumika, nyimbo hazikutumika kwa sababu hazikuwa kwenye mpango. Kisha proje ikaisha, kompyuta zikabadilishwa. Kila tulipopita kijijini mama aliuliza, na hakuuliza kwa hasira: "Sauti yangu iko wapi? Bado inatembea?" Tukawa tunasema bado inatembea. Alifariki mwaka jana wakati wa mvua. Kwenye matanga binti yake alituita pembeni, akaomba tupige ule wimbo wa ziwani mbele ya watu, maana yeye alikuwa mdogo na hakuushika wote. Hatukuwa na kitu. Tulimwambia ukweli, na alinyamaza tu. Angetutukana tungejisikia afadhali.

Tulipokuwa tunasoma habari za Meredith, hili ndilo lililotuuma. Kanda zake zipo mpaka leo katika Maktaba ya Taifa ya Australia, mjini Canberra, na katika miaka ya 1980 maktaba hiyo ilimtuma tena barabarani kukusanya zaidi. Na kitabu alichotoa na Hugh Anderson mwaka 1967 hakikupangwa kwa aina za nyimbo kama wasomi wanavyopenda. Kimepangwa kwa watu. Kila mwimbaji na habari zake, alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, kisha nyimbo zake. Hata jina la kitabu linawataja wanaume na wanawake walioziimba. Sisi katika ripoti tuliandika "mnufaika, mwanamke, zaidi ya miaka 60".

Tusiwapambe lakini. Kwao pia kuna walioachwa nje. Wenyeji wa nchi hiyo, Waaborijini, walikuwa na nyimbo zao maelfu ya miaka kabla ya kondoo wa kwanza kushuka melini, na wengi wao walifanya kazi katika mashamba hayohayo, juu ya farasi, kwa malipo kidogo au bila malipo. Vitabu vya kwanza vya nyimbo za porini havikuwatafuta. Kulikuwa na mtu kama Dougie Young, Mwaborijini wa Wilcannia, aliyefanya kazi mashambani na kutunga nyimbo za kuchekesha na za kuuma juu ya pombe, polisi na jela, na akarekodiwa. Zake ni za porini kuliko za wengi. Kwa hiyo sisi pia, tukianza hapa, tuulizane mapema nani hatujamwita. Wabembe wataitwa, wao ni wengi. Je, Wafuliiru wetu? Je, wale waliooa na kuolewa kambini? Je, wavuvi, ambao hawaji mkutanoni kwa sababu mkutano unawekwa saa ya kuanika nyavu?

Kuna maneno mawili ambayo tulishasikia pembeni kabla hata hatujasimama hapa, tuyajibu.

La kwanza linatoka kwa watu wa kanisa: kwamba nyimbo za zamani ni za giza. Wachungaji wetu tunawaheshimu. Wimbo wa kutwanga mihogo uko na giza gani? Kama kuna wimbo ambao mzee mwenyewe anasema huu si wa kila mtu, huo hautarekodiwa, uamuzi ni wake. Zinazobaki ni nyingi.

La pili ni la vijana: kwamba sasa kila kitu kiko ndani ya simu, kurekodi si kazi. Kweli, kurekodi si kazi. Sisi tulirekodi. Mashine tulikuwa nayo, ndogo kuliko ile ya Meredith mara mia, na wimbo wa ziwani umepotea. Kule Sydney kanda ziliwekwa, sawa, lakini pia watu walikutana jioni, wakakaa mduara, aliyejua akamfundisha asiyejua, wakakosea, wakacheka, wakarudia. Ndiyo maana yule mzee wa kwenye video anapigisha fimbo mpaka leo, miaka 70 imepita na kilabu kipo. Wimbo unaojulikana na watu thelathini hauwezi kupotea na kadi moja.

Basi tulichopatana na kamati ni hiki. Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tisa, baada ya ibada zote, chini ya huu mwembe, tunakaa mduara. Hakuna jukwaa, hakuna kipaza sauti, hakuna kiti cha wageni, na kwa wanaouliza, hakuna pesa ya usafiri. Mama zetu watakuja na vinu viwili. Mihogo chama kitanunua, na unga ni wa aliyetwanga. Wavuvi walisema wataleta wavu mmoja mkuukuu wa kuvutia nchi kavu, ili mikono isisahau mstari. Mwimbaji atasema jina lake mwenyewe na jina la aliyemfundisha. Kila wimbo utarekodiwa na simu tatu, si moja, na moja kati ya hizo lazima iwe ya mtu wa nyumba ya mwimbaji. Kabla watu hawajaondoka, mwimbaji anasikilizishwa sauti yake palepale. Katika gazeti hili tutaandika maneno ya wimbo mmoja kila toleo, na kwa vile hatuna anayejua kuandika noti, wa kwaya ambaye anajua solfa ametukubalia kutusaidia.

Ndugu zetu wa Albury watatumiwa. Wao pia walituomba, maana kule kuna wajukuu wanaojua kuimba "Waltzing Matilda" shuleni na hawajui hata wimbo mmoja wa bibi yao. Wauimbe huo wa shuleni, ni mzuri, na watufundishe na sisi. Tutawatumia wa kwetu.

Na yule binti wa mama tuliyemtaja yuko hapa leo, tumemwona amekaa nyuma. Dada, tulikuja kwenu wiki iliyopita kuomba msamaha, ukatuambia umekumbuka mistari minne, na kwamba kuna shangazi mmoja upande wa Mboko anaweza kuwa na iliyobaki. Gari ya buro inapita Mboko siku ya nne. Tumeweka nafasi yako mbele, pamoja na dereva. Hiyo fimbo ya vizibo tunaiacha kwa watoto.